Mimba Ilitunga Lini? Kuhesabu Kurudi Nyuma Kutoka Tarehe ya Makadirio ya Kujifungua

Dereva wa lori amerudi nyumbani baada ya miezi kadhaa barabarani. Wiki sita baadaye mkewe anapigwa ultrasaundi, na karatasi inasema mimba ina wiki nane. Mume anahesabu kwa vidole, anaona wiki mbili zimezidi, na amani ya nyumba inaondoka. Hesabu ya vidole vyake haina kosa. Kosa lake ni kudhani kwamba wiki zinazoandikwa hospitali huanzia siku mimba ilipotunga. Wiki nane za karatasi ni wiki sita za mimba yenyewe. Zile mbili za mwanzo mama hakuwa na mimba kabisa.

Hospitali huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Utaratibu huu ni wa zamani na una sababu yake: siku ya hedhi mwanamke huiona na anaweza kuikumbuka, lakini siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeiona. Kwa hiyo shika namba tatu kabla hujagusa kalenda. Kutoka hedhi ya mwisho hadi tarehe ya makadirio ni siku 280, yaani wiki 40. Kutoka kutunga mimba hadi tarehe hiyohiyo ni siku 266, yaani wiki 38. Tofauti yake, siku 14, ndiyo muda unaokadiriwa tangu hedhi ianze mpaka yai lipevuke kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28.

Tarehe uliyonayo ilitoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalorukwa na karibu kila mtu. Tarehe ya makadirio si kitu kilichopimwa moja kwa moja. Nayo ilihesabiwa kutoka kitu kingine. Ukirudi nyuma kutoka tarehe hiyo, unarudi kwenye kitu hichohicho pamoja na makosa yake yote.

Chukua kadi ya kliniki. Tanzania ni ile ya RCH 4, Kenya ni kijitabu cha mama na mtoto. Tafuta palipoandikwa LMP au LNMP, yaani siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha EDD, yaani hiyo tarehe ya makadirio ya kujifungua. Kama EDD iko siku 280 hivi baada ya LMP, nesi aliihesabu kutoka hedhi uliyomtajia, ama kwa kanuni ya kichwani ama kwa kile kiduara cha karatasi ngumu kinachozungushwa. Kama LMP imeachwa wazi, au EDD haifanani nayo, huenda tarehe ilitoka kwenye ultrasaundi. Omba kuona karatasi yake. Na kama mama hakukumbuka hedhi wala hakupigwa picha, basi tarehe ilikisiwa kwa kimo cha mimba, yaani mkunga alipima tumbo kwa mkono au kwa utepe. Kimo husaidia kufuatilia ukuaji wa mtoto, lakini kwa kutafuta siku ya kutunga mimba hakifai. Karibu wiki ya 12 mji wa mimba huanza kusikika juu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 hufika kwenye kitovu, na kuanzia hapo hadi wiki ya 36 sentimita hulingana takribani na wiki. Mapacha, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi au mama mwenye mwili mkubwa huvuruga kipimo hicho kwa wiki kadhaa. Tarehe iliyotoka huko ikupe mwezi tu, usiidai siku.

Waliopata mimba kwa kupandikizwa hawana kazi ya kubahatisha. Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa maabara, cha siku 5 kikipandikizwa, makadirio huwa siku 261 baada ya kupandikizwa. Cha siku 3, siku 263. Tayari siku yao inajulikana, na hesabu za mzunguko zilizo hapa chini haziwahusu.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa makadirio ya 20 Novemba 2025, ambayo ni Alhamisi.

Kutafuta hedhi ya mwisho: songa mbele miezi 3, punguza siku 7, kisha rudi nyuma mwaka mmoja. Kutoka 20 Novemba, miezi mitatu mbele ni 20 Februari. Ukipunguza siku 7 ni 13 Februari. Ukirudi mwaka mmoja ni 13 Februari 2025.

Kutafuta siku ya kutunga mimba: songa mbele miezi 3, ongeza siku 7 badala ya kupunguza, kisha rudi nyuma mwaka mmoja. Unapata 27 Februari 2025.

Hii ni kanuni ya Naegele, daktari Mjerumani wa Heidelberg wa karne ya 19, iliyogeuzwa kinyumenyume. Manesi huitumia kwenda mbele, sisi tunaitumia kurudi.

Kanuni hii ina kasoro ndogo ambayo wengi hawaijui: miezi haina siku sawa. Miezi mitatu inayopita Februari ni mifupi kuliko inayopita Julai na Agosti, kwa hiyo kanuni inaweza kukutupa nyuma hadi siku 3. Ndiyo maana nesi mmoja anaandika tarehe 5, mwingine tarehe 8, wote wakiwa wameambiwa hedhi ileile. Mmoja alizungusha kiduara, mwingine alihesabu kichwani.

Kuna njia rahisi ya kusahihisha bila jedwali lolote. Namba 280 na 266 zote zinagawanyika kwa 7. Maana yake siku ya hedhi ya mwisho, siku ya kutunga mimba na siku ya makadirio zote tatu lazima ziangukie siku ileile ya juma. Makadirio yakiwa Alhamisi, nazo ziwe Alhamisi. Katika mfano wetu 13 Februari na 27 Februari 2025 zote ni Alhamisi, basi hakuna cha kurekebisha.

Jaribu sasa makadirio ya Jumapili, 8 Februari 2026. Miezi mitatu mbele ni 8 Mei, ongeza siku 7 ni 15 Mei, rudi mwaka: 15 Mei 2025. Lakini hiyo ni Alhamisi. Sogea mbele mpaka Jumapili ya kwanza utakayokutana nayo: 18 Mei 2025. Hiyo ndiyo iliyo siku 266 kamili kabla. Ni mbele kila mara, si nyuma, na haizidi siku chache. Ujanja huu unafanya kazi hata mwaka mrefu wenye 29 Februari.

Ukikwama kwenye tarehe isiyokuwepo, mfano 30 Novemba ambapo miezi mitatu mbele ingekuwa 30 Februari, tumia 28 Februari kisha endelea na hatua zilizobaki. Siku ya juma itakuweka sawa.

Mwenye kompyuta au simu yenye programu ya majedwali aandike tarehe ya makadirio kwenye kisanduku A1, na kwenye kisanduku cha pembeni aandike =A1-266. Hapa pia pana mtego: sisi tunaandika siku kwanza, simu nyingi zimepangwa Kimarekani na husoma mwezi kwanza. Ukiandika 5/3/2026 ukimaanisha Machi, simu inaweza kuelewa Mei 3. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Kwa wanaofuata mwezi mwandamo kuna njia fupi kuliko zote. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, na miezi tisa yake ni siku 266. Rudi nyuma miezi tisa ya mwandamo, tarehe ileile, umefika. Makadirio yakiangukia 10 Rajabu, mimba ilitunga karibu na 10 Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Kosa halizidi siku moja au mbili. Ile "miezi tisa" ya bibi zetu, ikihesabiwa kwa mwandamo tangu mimba kutunga, ni sahihi kabisa. Inakuwa kosa pale tu mtu anapoihamishia kwenye Januari na Februari au anapoanza kuihesabu tangu hedhi.

Siku moja haitoshi, tafuta kipindi

27 Februari ya mfano wetu ni siku ya katikati tu. Usiende nayo kwa mtu ukasema "siku ile ndiyo".

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume, zikikuta ute mzuri wa uzazi, zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke zikilisubiri. Kwa hiyo tendo linaloweza kuzaa mimba ni lile la siku tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe ya yai. Siku hizo sita ndizo zinazoitwa mtaani siku za hatari, ingawa mtaani mara nyingi huhesabiwa vibaya. Baada ya hapo yai lililorutubishwa husafiri kwenye mrija na kujishikiza kwenye mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12. Siku ya tendo, siku ya kutunga mimba na siku ya kujishikiza ni siku tatu tofauti, na anayeuliza "nilipata lini" inabidi aseme anataka ipi.

Panga hivi. Weka alama kwenye 27 Februari. Ongeza kosa la kipimo pande zote mbili. Tuseme picha ilipigwa mapema na kosa lake ni siku 5: yai lilitoka kati ya 22 Februari na 4 Machi. Kisha, kwa ajili ya mbegu, rudi siku 5 nyuma upande wa mwanzo tu: tendo lilikuwa kati ya 17 Februari na 4 Machi. Ni siku 16. Kwa kuanzia na tarehe ya makadirio peke yake, hapo ndipo penye uaminifu. Anayekupa siku moja anakuuzia uongo.

Kipindi hicho unaweza kukibana kwa ushahidi mwingine. Kipimo cha mkojo kilichoonyesha mistari miwili ni ushahidi mzuri, kwa sababu kinahitaji takribani siku 10 tangu kutunga mimba ndipo kiweze kuona kitu. Kama kilisoma hivyo 10 Machi, mimba haikutunga baada ya 28 Februari au karibu na hapo. Umekata siku nne za mwisho. Kipimo kisichoonyesha kitu wiki tatu kamili baada ya tendo fulani nacho kinalitoa tendo hilo kwenye orodha. Kuanza kucheza kwa mtoto hakukati chochote: mwenye mimba ya kwanza husikia karibu wiki ya 18 hadi 20, aliyekwisha kuzaa husikia mapema zaidi, na gesi ya tumbo huwadanganya wote wawili.

Kama tarehe ilitoka kwenye hedhi: rekebisha mzunguko

Siku 14 za kanuni ni za mzunguko wa siku 28, na wanawake wengi hawana mzunguko huo. Sehemu ya mzunguko inayobadilika hasa ni ya kabla ya yai kutoka. Sehemu ya baada ya yai, mpaka hedhi inayofuata, hukaa karibu na siku 12 hadi 14. Hivyo ili kujua yai lilitoka siku ya ngapi, toa 14 kwenye urefu wa mzunguko wako. Urefu huo unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata, si tangu damu ilipokatika. Kosa hili la kuhesabu tangu damu kukatika ndilo linalowafanya wengi waseme "mimi nina mzunguko wa siku 23" kumbe wana 28.

Hedhi ilianza 13 Februari. Mwenye mzunguko wa siku 35: 35 toa 14 ni 21, yai lilitoka karibu 6 Machi, na makadirio ya kweli yanasogea hadi 27 Novemba. Mwenye mzunguko wa siku 24: yai lilitoka karibu 23 Februari, makadirio ya kweli ni 16 Novemba. Kati ya wanawake hawa wawili wenye kadi zinazofanana neno kwa neno kuna siku 11.

Kama mizunguko yako hurukaruka, mwezi huu siku 26 na mwingine 40, usitafute wastani. Chukua mfupi kabisa na mrefu kabisa wa miezi sita iliyopita, fanya hesabu mbili, na ukubali kipindi kirefu kinachotoka.

Angalizo ambalo hata baadhi ya watoa huduma husahau: marekebisho ya mzunguko ni ya tarehe iliyotoka kwenye hedhi peke yake. Tarehe iliyotoka kwenye ultrasaundi ya mapema imempima mtoto mwenyewe, na mtoto hajui mama alikuwa na mzunguko wa siku ngapi. Ukiirekebisha, unaongeza kosa mahali ambapo halikuwepo.

Damu ambayo haikuwa hedhi

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika kwa wiki nne nzima. Baadhi ya wanawake hutoka damu kidogo wakati mimba ikijishikiza au muda mfupi baadaye, karibu na siku ambazo hedhi ilitarajiwa. Huwa ni matone, ya waridi au kahawia, siku moja au mbili, bila ule uzito wa kawaida. Mama anaiita hedhi fupi na kuitaja kliniki. EDD inatoka mbele kwa wiki nne hivi, na siku ya kutunga mimba nayo inasogezwa mbele wiki nne, labda kwenye wakati ambao mume hakuwepo. Swali la kujiuliza ni kama hedhi ile ilikuwa ya kawaida kwa wingi, rangi na siku zake. Kama haikuwa, tumia ya kabla yake, na tafuta picha.

Sindano ya miezi mitatu huvuruga kwa namna yake. Baada ya kuiacha, yai linaweza kukaa miezi mingi bila kupevuka, na mwanamke akashika mimba kabla hajaona hedhi hata moja. Anayenyonyesha naye ni hivyohivyo: yai la kwanza baada ya uzazi linaweza kutangulia hedhi ya kwanza. Vidonge vya dharura, P2, huchelewesha yai na huweza kuleta damu isiyo hedhi siku chache baada ya kumezwa. Katika hali zote tatu LMP haina kazi. Acha kanuni, nenda kwenye ultrasaundi.

Kama tarehe ilitoka kwenye ultrasaundi

Picha ya mapema ndiyo saa sahihi kuliko zote, na sababu ni rahisi: katika wiki za mwanzo watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa Mmasai mrefu au wa mama mfupi. Mpimaji hupima urefu kutoka kichwani hadi matakoni; kwenye karatasi huandikwa CRL. Kipimo hiki kinafaa hadi wiki ya 13 na siku 6. Baada ya hapo hupimwa kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na tofauti za lishe, kurithi, kisukari cha mama, malaria au shinikizo la damu huanza kuonekana. Mtoto mdogo wa wiki 32 na mtoto wa kawaida wa wiki 29 wanaweza kufanana kwenye skrini.

Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilitoa mwaka 2017 viwango vya lini picha iishinde hedhi. Kabla ya wiki 9, tofauti ikizidi siku 5, fuata picha. Kuanzia wiki 9 hadi mwisho wa wiki ya 15, ikizidi siku 7. Kutoka 16 hadi kabla ya kutimiza 22, siku 10. Kutoka 22 hadi kabla ya kutimiza 28, siku 14. Kuanzia 28, siku 21. Viwango hivi vinakusaidia pia kujua ukubwa wa kosa la kuongeza pande zote mbili kwenye hesabu ya juu. Mwenye picha ya wiki 30 peke yake anaongeza siku 21 kila upande, na hapo kipindi chake kinakuwa cha wiki sita na zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza picha moja kabla ya wiki 24. Kwa madhumuni ya mwongozo huu, ukiweza, iwe kabla ya wiki 14.

Kusoma karatasi: GA ni umri wa mimba, na GA 11w2d maana yake wiki 11 na siku 2, yaani siku 79. Kama ilipigwa 3 Mei 2025, toa siku 14 zisizo za mimba, zinabaki 65. Rudi siku 65 kutoka 3 Mei: 27 Februari. Unaona imekubaliana na mfano wetu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu EDD ya mashine imetoka kwenye GA hiyohiyo. Mashine haitoi mambo mawili tofauti.

Kila ukipigwa picha mashine hukupa EDD mpya. Wiki ya 11 ilisema 20 Novemba, wiki ya 28 inasema 1 Desemba, wiki ya 36 inasema 14 Novemba. Mimba haijahama. Mashine inalinganisha ukubwa wa mtoto wa siku ile na wastani wa watoto, basi. Tarehe ya picha ya kwanza ndiyo inayobaki, na zinazofuata zinasema mtoto ni mkubwa au mdogo kuliko wastani. Ukihesabu siku ya kutunga mimba kutoka picha ya mwisho, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndiyo karatasi iliyo juu kwenye faili, umechagua mbovu kuliko zote.

Picha ya mapema ikionyesha mimba changa sana kuliko hedhi inavyosema, mara nyingi yai lilichelewa tu. Lakini inaweza pia kuwa mimba isiyoendelea au iliyo nje ya kizazi, na ndiyo maana daktari huomba picha irudiwe baada ya wiki moja au mbili. Ukiwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, damu au kizunguzungu, hesabu zisubiri, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kukumbuka hedhi iliyosahauliwa

"Sikumbuki" si mwisho wa safari. Mwanamke Muislamu aliyeingia kwenye siku zake ndani ya Ramadhani anajua deni la saumu alilobaki nalo, na mara nyingi anakumbuka ni kumi la kwanza, la kati au la mwisho. Mwingine anakumbuka Pasaka, Sabasaba, Nanenane, harusi, msiba, mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia. Ujumbe wa miamala ya simu unaonyesha siku ulipolipia pedi dukani. Tiketi ya basi, picha kwenye simu, siku uliyoomba ruhusa kazini kwa tumbo: vyote hivyo ni kalenda.

Uliza pia usiku gani. Kwa mwenyeji wa mwambao siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa mwingine usiku wa Ijumaa ni baada ya Ijumaa kuchwa. Siku moja si kitu kwenye EDD, lakini inaweza kuleta ubishi pale watu wawili wanapolinganisha safari.

Kuanzia siku mtoto alipozaliwa

Usirudi miezi tisa kutoka siku ya kuzaliwa. Watoto 4 au 5 tu kati ya 100 huzaliwa siku ya makadirio yenyewe. Waliotimia huzaliwa kati ya wiki ya 37 na kabla ya kutimiza 42. Kinachohitajika ni umri wa mimba siku ya kuzaliwa, ambao uko kwenye karatasi za uzazi. Punguza wiki 2, zilizobaki zizidishe kwa 7, kisha rudi nyuma. Mtoto aliyezaliwa Jumatatu 10 Novemba 2025 kwa wiki 36 kamili: zinabaki wiki 34, siku 238, na mimba ilitunga karibu Jumatatu 17 Machi 2025. Miezi tisa ya vidole ingekupeleka 10 Februari, zaidi ya mwezi mzima nje. Uzito wa mtoto nao usiutumie kubishana: kilo 3 si cheti cha kwamba ametimia, na kilo 2.3 si cheti cha kwamba ni njiti.

Pale swali lenyewe ni baba

Wengi wanaofanya hesabu hizi wanatafuta jibu hili, na ni haki kusema wazi zinafika wapi. Picha ya kabla ya wiki 14 ikiwepo, na matendo mawili yakiwa yametengana kwa zaidi ya wiki tatu, kwa kawaida hesabu inaweza kumtoa mmoja. Yakiwa ndani ya wiki mbili hivi, kama vile zile siku 16 za mfano wetu, kalenda haiwezi kuchagua, na hakuna daktari wala mkunga anayeweza kwa kuitazama kadi. Kinachobaki ni kipimo cha DNA. Tanzania hufanywa kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009.

Na kwa yule dereva wa mwanzo: achukue GA ya karatasi, atoe wiki 2, arudi nyuma kutoka siku ya picha, kisha aongeze siku 5 pande zote mbili. Alirudi nyumbani wiki sita zilizopita, na wiki sita ndizo zilizobaki.